Jangwani: Jangwa Linalofurika Kila Masika

Kama umewahi kukwama Magomeni ukielekea Kariakoo siku ya mvua kubwa, hadithi hii unaijua nusu. Barabara ya Morogoro imefungwa, Jangwani pamejaa maji, na pembeni yako kuna mtu anasema, "Hawa watu si waliambiwa wahame?" Hebu tuitazame nusu ya pili.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Jangwani ni tambarare, kwa hiyo maji yakifika hapo hupunguza mwendo na kutua mchanga na taka. Kina cha mto kinapungua. Bahari nayo ikijaa, maji hayana pa kwenda. Huku juu, kila bati na kila sakafu ya saruji inayoongezeka huzuia mvua kuzama ardhini. Yaani mafuriko ya Jangwani, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa na watu wasioishi Jangwani.

Hatari hiyo haikuwa siri. Mpango Mkuu wa Dar es Salaam wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde hili kuwa eneo hatarishi. Lakini watu walihitaji kulala karibu na kazi, na Kariakoo ipo hapo tu, unakwenda kwa miguu. Nyumba zikajengwa. Baadaye umeme ukavutwa. Sasa ukishawekewa umeme, utaamini vipi kwamba hutakiwi kuwepo?

Desemba 2011 ikaja mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walifariki. Serikali ikatoa viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Wapo waliobaki huko, na wapo waliorudi bondeni, maana nauli ya kwenda na kurudi ilimeza faida ya siku nzima. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama nyekundu za X ukutani, halafu matingatinga.

Kinachonishangaza ni hiki: miaka hiyohiyo, bonde hilohilo lilijengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi. Mwaka 2018 mafuriko yakaikuta hapo. Kwa hiyo tuache kusema wakazi peke yao ndio hawakusikia.

Yapo yaliyobadilika. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo na wakazi, wakachora mitaro na mipaka ya mitaa ambayo haikuwa kwenye ramani yoyote. Wazee wa mtaa ndio walioonyesha maji yalifika wapi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde: kuchimba mto, kunyanyua daraja la Jangwani, kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji, na kuwalipa fidia wanaohama.

Daraja refu litasaidia, sibishi. Ila historia ya bonde hili inaonyesha kwamba maji na watu hufanana kwa jambo moja: ukiwafukuza bila kuwaonyesha njia, hurudi palepale. Fidia itakayomweka mtu mbali na riziki yake ni Mabwepande ya pili. Na kama Pugu itaendelea kukatwa miti, bustani nayo itaogelea.