Ukitaka Moyo Usimame Mahali Salama, Enda Kasino

Msinitusi kwanza. Najua kamari imemaliza watu mtaani. Lakini miaka ya mwisho ya 1990, ukianguka ghafla juu moyo umeacha kudunda, sehemu moja poa sana ya kuangukia ilikuwa kasino za Marekani. Ukielewa sababu, utaelewa swali ambalo kila mji unafaa kujiuliza kabla haujanunua mashine za kushtua moyo na kuzitundika ukutani.

Tuanze na mwili. Moyo unaweza kuchanganyikiwa: badala ya kudunda, unatetemeka tu, na damu haiendi popote. Si ugonjwa wa wazee peke yao. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alikuwa na miaka 28 alipoanguka uwanjani Lyon, tarehe 26 Juni 2003. Hakuamka. Christian Eriksen wa Denmark alikuwa na miaka 29 alipoanguka Copenhagen, tarehe 12 Juni 2021. Wenzake walimzunguka, kifua kikabonyezwa, akapigwa shoti moja, akarudi. Kila dakika inayopita kabla ya shoti, kama hakuna anayekubonyeza kifua, nafasi yako inashuka kwa asilimia 7 hadi 10. Sasa piga hesabu ya ambulensi kwa jam ya jioni.

Shida ni kwamba hii mashine ilizaliwa ikiwa mali ya madaktari. Mwaka 1947 huko Cleveland, daktari Claude Beck alimrudisha kijana wa miaka 14 ambaye moyo wake ulikwama akifanyiwa upasuaji. Kifua kilikuwa wazi, vyuma vikawekwa kwa moyo wenyewe. Mwaka 1956, Paul Zoll akaonyesha kuwa shoti inaweza kupita kifua kikiwa kimefungwa. Hata hivyo, bado ulihitaji kufika hospitali ukiwa hai.

Frank Pantridge wa Belfast aliona hiyo haina maana, kwa sababu wagonjwa wengi walikuwa wanakufa kabla ya kufika mlangoni. Mwaka 1965 akaunda mashine ya kubebwa na ambulensi, ikitumia betri za gari. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 70, sawa na mtu mzima, lakini wazo lilikuwa limebadilika: usingoje mgonjwa akuletee moyo, ufuate.

Baadaye mashine zikawa ndogo, zikajifunza kusoma moyo zenyewe. Unabandika vibandiko viwili kifuani, inakuambia cha kufanya, na kama moyo hauhitaji shoti, inakataa kuipiga. Ile hofu ya "raia ataua mtu" ikapungua sana. Likabaki swali gumu: tuziweke wapi?

Hapo ndipo kasino zinaingia. Masoja walifunzwa kutumia hizi mashine, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Kati ya watu 105 ambao moyo wao ulikuwa unatetemeka hivyo, asilimia 53 walitoka hospitali wakiwa hai. Waliopigwa shoti ndani ya dakika 3, asilimia 74. Kwa nini kasino? Kamera kila kona, soja kila kona. Walikuwa wanalinda pesa, wakajikuta wanaona kila mtu anayeanguka.

Chicago nayo ikaweka mashine kwenye viwanja vya ndege mwaka 1999, mahali pa wazi ambapo yeyote angeweza kuzichukua. Katika miaka miwili, watu 18 walianguka moyo ukitetemeka, na 11 wakaokolewa. Kwa 6 kati ya hao 11, aliyewaokoa hakuwa amefunzwa hiyo mashine, ingawa wengine wao walikuwa wamesomea udaktari.

Sasa, kabla mseme tununue elfu kumi kesho, kuna upande wa pili. Mioyo mingi husimama nyumbani. Sanduku la pale mall halitapanda ngazi za ploti yenu saa nane usiku. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliochapishwa mwaka 2004, ulilinganisha maeneo 993. Pale watu walipofunzwa kubonyeza kifua tu, walipona 15. Pale walipoongezewa mashine, walipona 30. Ni mara mbili, sawa, lakini watu zaidi ya 19,000 walifunzwa ili kufika hapo. Na Copenhagen watafiti waligundua kuwa mashine nyingi hazikufikika usiku na wikendi, kwa sababu tu jengo lilikuwa limefungwa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Lakini dharura ya moyo inaamuliwa na aliye karibu nawe. Mashine ziende kwenye umati na wafanyakazi wa kudumu: viwanja vya ndege, stesheni za treni, viwanja vya mpira, mall kubwa. Ziwe mahali pa wazi, na soja wa mlangoni afunzwe kabla ya meneja. Sanduku likifungiwa ofisini, hilo ni pambo.

Na kabla ya sanduku, mikono. Kubonyeza katikati ya kifua, kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, hakuhitaji tenda wala bajeti ya kaunti. Kunahitaji tu tufunzwe, kuanzia shuleni, maana mioyo inayosimama nyumbani haina mtu mwingine isipokuwa sisi.

Kama gym yako, kanisa lako au chuo chako kina hiyo mashine, uliza vitu viwili leo: iko wapi, na ufunguo ni wa nani? Jibu la pili likiwa jina la mtu mmoja, bado hamna mashine.