Samaki wa Barafu na Samaki wa Chumvi: Historia ya Kuhifadhi Chakula Lubumbashi

Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, haikuwahi kujilisha yenyewe. Shaba ilikuwa pale pale chini ya ardhi, lakini unga wa mahindi ulikuja kwa reli kutoka Rhodesia, na samaki walitoka mto Luapula na ziwa Mweru, mwendo wa kilomita 200 hivi. Chakula kilikuwa kimekwisha kukaa njiani kabla ya kufika jikoni.

Dawa ya kwanza ilikuwa jua, moshi na chumvi. Samaki alipasuliwa, akatolewa matumbo, akapakwa chumvi na kuanikwa, au akakaushwa polepole juu ya moto. Maji yakimtoka, vijidudu vya uozo hukosa mahali pa kuzaliana. Samaki hao wakavu waliingia katika posho ya Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906, pamoja na unga, nyama, karanga na mafuta ya mawese. Katika nyumba isiyo na friji, nyama mbichi ililiwa mapema. Samaki mkavu aliweza kungoja.

Baridi ilikuja kwa njia ya biashara. Huko Kasenga, kando ya Luapula, wafanyabiashara Wagiriki walinunua samaki wabichi, wakawapanga katika barafu na kuwapeleka mjini kwa malori. Faida ilikuwa kubwa, na mto ukalipa gharama. Samaki aitwaye mpumbu hupanda mto kutaga mayai mvua zinapoanza, na hapo ndipo nyavu zilipomngoja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Historia ya barafu Lubumbashi isisimuliwe bila hasara hiyo.

Umeme nao haukuletwa kwa ajili ya jikoni. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kazi mwaka 1930 ili kuhudumia migodi na viwanda. Friji za nyumbani zilifuata nyaya, na nyaya zilitangulia katika mitaa ya Wazungu. Palipokosa umeme palikuwa na friji za mafuta ya taa, zilizotokana na uvumbuzi wa Waswidi wawili, Baltzar von Platen na Carl Munters. Kampuni ya Electrolux ilianza kuuza friji za uvumbuzi huo mwaka 1925.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Kampuni hiyo iliyumba vibaya katika miaka ya 1990; mishahara ikachelewa, na posho ambayo vizazi viwili viliitegemea ikapotea. Familia nyingi zikaanza kununua chakula cha siku kwa siku, kwa kipimo kidogo.

Kitoweo kilichoziba pengo hilo ni thomson, samaki wa bahari anayevuliwa Namibia, akagandishwa na kuletwa kwa malori kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Hufika katika makatoni, huhifadhiwa katika vyumba vya baridi, kisha mama muuzaji huvunja katoni sokoni na kuuza mmoja mmoja. Hapo ndipo hatari huanza: barafu huyeyuka juani, na mnunuzi hana budi kutazama kama nyama ya samaki bado ni ngumu na kama harufu yake ni safi. Akifika nyumbani amweke chini kabisa katika friji, ndani ya chombo kilichofunikwa, ili maji yake yasidondokee sombe (majani ya muhogo) au bukari (ugali) iliyobaki. Friji inatakiwa isizidi nyuzi 5 za Selsiasi, na sehemu ya kugandishia iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Ugumu wa Lubumbashi ni kwamba umeme hukatika, mara nyingine kwa siku nzima. Friji isipofunguliwa hushika baridi kwa saa 4 tu. Kigandishi kilichojaa hushika kwa saa 48, kilicho nusu kwa saa 24. Ndiyo maana chupa za maji yaliyogandishwa katika nafasi zilizo wazi ni akiba ya kweli. Saa hizo zikipita, nyama, samaki na chakula kilichopikwa visivyo na baridi tena vitupwe, hata kama havinuki, maana vijidudu vingi vinavyoleta ugonjwa havina harufu. Katika mji wa namna hii, samaki mkavu bado ana kazi yake, na nyumba yenye friji inafanya vyema kumweka.