Rufiji Ilivyotufundisha Kuhesabu Watu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, je, binadamu? Wiki hii nataka tuzungumzie elimu ambayo wengi wetu huikimbia tangu darasani, yaani hesabu, na jinsi inavyotumika kuchunguza maisha ya jamii hadi ngazi ya shahada ya uzamivu. Mfano wangu ni Rufiji na Kibiti.

Watu wa huko walianza kuhesabiwa zamani, lakini si kwa heri. Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, kuhesabiwa kibanda chako kulikuwa na maana moja tu: ulipe. Ikafuata pamba ya kulazimishwa, na mwaka 1905 ikazuka vita ya Majimaji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro, huko huko Rufiji. Basi mtu mwenye kalamu na daftari alipobisha hodi, wenyeji walikuwa na haki ya kuuliza ametumwa na nani.

Mwaka 1948 Waingereza walifanya sensa ya kwanza ya kisasa katika Tanganyika, Kenya na Uganda. Mwaka huo huo Mskochi mmoja, William Brass, alianza kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki mjini Nairobi. Vizazi na vifo vya Waafrika walio wengi havikuwa vikiandikishwa. Vifo vya watoto utavijuaje? Brass alikuja kuonyesha kwamba mama akiulizwa maswali mawili tu, amezaa wangapi na walio hai ni wangapi, na umri wake ukizingatiwa, unaweza kukadiria ni watoto wangapi kati ya 1,000 hufa wakiwa wadogo. Njia hiyo ikaenea duniani kote.

Lakini kukadiria si sawa na kufuatilia. Novemba 1998, chini ya mradi wa TEHIP wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, wahoji walianza kuzipitia kaya za Rufiji kila baada ya miezi minne. Watu wapatao 85,000 wakawa wanafuatiliwa: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki na kwa dalili gani. Baadaye kazi hiyo ikaendelezwa na taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara.

Mnaoijua Rufiji mnaujua ugumu wake. Msimu wa kilimo familia hushuka bondeni na kukaa madunguni kulinda mpunga. Mhoji akikuta mlango umefungwa aandike nini? Wamehama, au wako shamba? Akikosea hapo, hesabu yote inapinda.

Faida ilionekana. Huko Morogoro, wilaya nyingine ya mradi, ilibainika kwamba malaria ilichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti ya afya ya mwaka 1996. Fedha zikaelekezwa palipouma. Katika miaka mitano hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Je, ni mradi peke yake uliowaokoa? Mwaka 2008 Honorati Masanja na wenzake walionyesha kwamba nchini kote vifo hivyo vilipungua kwa asilimia 24 kati ya mwaka 2000 na 2004. Kwa hiyo sehemu ya nafuu ya Rufiji ingeweza kuja hata bila mradi. Kuitenganisha sehemu hiyo ndiyo kazi ya msomi wa uzamivu. Lazima ajue pia kwamba kaya za kijiji kimoja hunywa maji ya kisima kimoja na kutibiwa zahanati moja, hivyo kaya 100 za kijiji kimoja hazina uzito wa ushahidi sawa na kaya 100 za vijiji 30.

Nina mambo mawili ya kusisitiza. Kwanza, vijana wetu wasome hesabu hizi kwa kina. Haifai sisi tubebe madodoso juani, wengine wakokotoe kivulini. Pili, tuheshimu mipaka ya hesabu. Kata zilizofuatiliwa zilikuwa Bungu, Kibiti, Mchukwi, Ikwiriri, Umwe na Mgomba. Visiwa vya delta, vinavyofikiwa kwa mashua, havikuwamo. Anayechukua tarakimu ya Ikwiriri akaisema kuwa ya Salale anawanyima watu wa Salale zahanati yao.

Tena majibu yarudi vijijini, yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji kwa Kiswahili kinachoeleweka. Aliyeulizwa miaka yote mtoto wake alikufaje anastahili kuambiwa ni kipi kitakachomwokoa mjukuu wake.