Kwaheri ya Kuonana: Kibarua wa Kiingereza Ugenini katika Auf Wiedersehen, Pet

Utangulizi

Makala hii inanuia kuchunguza uhusiano uliopo baina ya futuhi na historia ya kazi, kwa kuzingatia tamthilia ya runinga ya Kiingereza iitwayo Auf Wiedersehen, Pet. Tamthilia hii ilitungwa na Dick Clement na Ian La Frenais kutokana na wazo la mwelekezi wa filamu Franc Roddam, na ilianza kuonyeshwa na ITV tarehe 11 Novemba 1983. Mfululizo wa kwanza ulikuwa na sehemu 13, na wa pili, wa mwaka 1986, ulikuwa na sehemu 13 nyingine. Baada ya kimya cha miaka 16, BBC iliifufua mwaka 2002, na tena mwaka 2004. Kiini chake ni mafundi saba wa Kiingereza wanaokosa kazi kwao na kulazimika kwenda kujenga majumba katika mji wa Düsseldorf, Ujerumani Magharibi.

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kuzoea kuisoma riwaya ya kibarua kama hati ya historia. Hakuna anayeshangaa leo Kuli ya Adam Shafi (1979) inaposomwa sambamba na mgomo wa makuli wa Unguja wa mwaka 1948. Futuhi ya runinga haijabahatika kupewa heshima hiyo. Aghalabu huchukuliwa kuwa mchezo wa kupitishia jioni. Msimamo wetu ni kwamba futuhi nayo ni hifadhi ya kumbukumbu, ila ni hifadhi yenye mapendeleo yake. Tutajaribu kuonyesha kwamba Auf Wiedersehen, Pet iliikumbuka barabara aibu ya Mwingereza kugeuka kibarua katika nchi ya watu, lakini ikaipitia kimya haki iliyomwezesha kwenda huko. Haki hiyo leo haipo tena. Kwa hiyo, swali la nini kilichokumbukwa na nini kilichosahauliwa halihusu burudani peke yake.

Usuli wa Kihistoria

Kazi hii haiwezi kueleweka nje ya muktadha wa Uingereza ya mwanzoni mwa miaka ya themanini. Serikali ya Margaret Thatcher ilishika hatamu Mei 1979. Kufikia Januari 1982 idadi ya wasio na kazi iliyotangazwa rasmi ilikuwa imepita milioni 3. Eneo la Kaskazini-Mashariki, lililoishi kwa makaa ya mawe, chuma na uundaji wa meli, liliumia vibaya. Kiwanda cha chuma cha Consett, mathalani, kilifungwa mwaka 1980 na kuuacha mji mzima bila tegemeo. Viwanda vinapofungwa na nyumba zisipojengwa, mwashi huwa miongoni mwa wa kwanza kuonja njaa.

Hata hivyo, udhaifu wa mwashi wa Kiingereza ulianza kabla ya Thatcher. Kwa muda mrefu wakandarasi wengi walikuwa wakimlipa fundi donge zima la fedha kana kwamba naye ni mkandarasi anayejitegemea, bila likizo, bila bima wala dhamana yoyote ya ajira. Mgomo mkuu wa wajenzi wa mwaka 1972 ulidai nyongeza ya mishahara na kukomeshwa kwa mfumo huo wa donge. Baada ya mgomo, wajenzi 24 walishtakiwa Shrewsbury kwa makosa yaliyohusu ulinzi wa mgomo, na baadhi yao wakafungwa. Hukumu hizo zilibatilishwa na Mahakama ya Rufani mnamo Machi 2021, baada ya takriban nusu karne. Kwa hiyo Dennis, Neville na Oz wanapoondoka Newcastle kuelekea Ujerumani, nyuma yao wameacha chama kilichovunjwa nguvu na desturi ya kila fundi kujitetea peke yake.

Mbele yao palikuwapo mlango uliofunguliwa na sheria. Uingereza ilijiunga na Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Kifungu cha 48 cha Mkataba wa Roma wa 1957, kikipewa nguvu na Kanuni Na. 1612 ya 1968, kilimruhusu raia wa nchi mwanachama kufanya kazi katika nchi mwanachama nyingine bila kubaguliwa kwa uraia wake. Mwaka huo huo wa 1973, mwezi Novemba, Ujerumani Magharibi ilisitisha uajiri wa vibarua kutoka nchi zisizokuwa za Jumuiya, zikiwemo Uturuki na Yugoslavia. Mlango ule ule, katika mwaka ule ule, ulifunguliwa kwa mmoja na kufungwa kwa mwingine. Sadfa hii ni ya msingi katika hoja yetu, na tutairejelea.

Anwani na Lugha

Anwani ya tamthilia inabeba mgongano wake wote. Auf Wiedersehen ni maagano ya Kijerumani yanayolingana kabisa na usemi wetu wa "kwaheri ya kuonana". Pet ni neno la mapenzi katika lahaja ya Kaskazini-Mashariki ya Uingereza. Ndilo neno ambalo mume kama Neville angelimwita mkewe Brenda aliyemwacha nyumbani. Mtu anamuaga mpenzi wake kwa nusu ya lugha ya ugenini na nusu ya lugha ya jikoni kwao. Kiingereza rasmi hakimo.

Hili si jambo la bahati nasibu. La Frenais ni mzaliwa wa upande huo wa nchi, na Roddam vivyo hivyo. Aidha, La Frenais na Clement walikuwa wamekwisha kuandika The Likely Lads katika miaka ya sitini, futuhi ya vijana wawili wa Kaskazini-Mashariki. Katika kazi tunayoichunguza walipanua ramani hiyo ya lahaja. Dennis (Tim Healy), Neville (Kevin Whately) na Oz (Jimmy Nail) ni waashi wa Newcastle. Bomber (Pat Roach) ni mwashi wa Bristol. Wayne (Gary Holton) ni seremala wa London. Barry (Timothy Spall) ni fundi umeme wa Midlands. Na Moxey (Christopher Fairbank) ni fundi wa kupiga lipu kutoka Liverpool. Uingereza iliyotawanyika kwa matabaka na majimbo inakutana chini ya paa moja, na inakutanishwa na ukosefu wa kazi. Utaifa wao, ambao nyumbani ungefunikwa na ushindani wa miji, unadhihirika ugenini kwa sababu huko wote huitwa kwa jina moja: Waingereza.

Kibanda na Kumbukumbu ya Vita

Mandhari makuu ya mfululizo wa kwanza ni kibanda cha mbao ambamo mafundi hao wanalala, wanapika, wanagombana na kupatana. Mtazamaji wa Kiingereza wa mwaka 1983 hakuhitaji kuelezwa kibanda hicho kinafanana na nini. Alikuwa amelelewa na filamu za mateka wa kivita waliofungwa na Wajerumani, wakichimba mahandaki na kupanga kutoroka. Watunzi waliutumia ufanano huo kwa makusudi, na sehemu ya pili waliipa anwani Who Won the War Anyway?, yaani kuuliza ni nani hasa aliyeshinda vita.

Swali hilo ndilo kinaya kikuu cha tamthilia. Aliyeshinda vita mwaka 1945 anaomba kazi kwa aliyeshindwa. Oz, ambaye chuki yake dhidi ya Wajerumani ni kubwa kuliko maarifa yake juu yao, huivaa vita hiyo kama nguo ya kumsitiri. Kila anapoamrishwa kazini, hukimbilia ushindi wa baba zake. Watunzi hawamruhusu mtazamaji kumcheka Mjerumani pamoja na Oz. Mara nyingi tunamcheka Oz mwenyewe, kwa sababu tunaona kwamba ushindi huo haumnunulii hata chakula cha jioni. Hapa futuhi inakaribia kuwa tanzia-ramsa: kicheko kinatokana na mtu aliyebakiwa na historia peke yake baada ya uchumi kumtupa.

Dennis anapewa nafasi ya kuvuka mpaka huo. Uhusiano wake na Dagmar, karani wa ofisi ya kiwanjani, unaonyesha kwamba ugenini mtu anaweza kuwa mpya, au walau kufikiri kuwa anaweza. Neville, kwa upande mwingine, mwili wake uko Düsseldorf ila roho imebaki kwa mkewe. Baina ya wawili hawa kuna hali mbili kuu za mhamaji: anayetamani kubaki na anayetamani kurudi.

Inafaa kutaja pia kwamba kiwanja cha ujenzi kinachoonekana kuwa Düsseldorf kilijengwa Uingereza kwenyewe, katika studio za Elstree, na baadhi ya picha za nje zikapigwa Hamburg. Ujerumani hii, kwa kiasi kikubwa, ni nchi iliyojengwa nyumbani kwa vifaa vya kumbukumbu za nyumbani. Ndiyo maana vita vimo tele ndani yake, ilhali sheria ya kazi ya miaka ya themanini imo kwa uchache sana.

Mgeni na Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wajerumani walimwita mfanyakazi wa kigeni Gastarbeiter, yaani mgeni-mfanyakazi, na jembe wakampa siku ile ile aliyofika. Walianza kwa mkataba na Italia mwaka 1955, wakafuatia Uhispania na Ugiriki mwaka 1960, Uturuki 1961, Moroko 1963, Ureno 1964, Tunisia 1965 na Yugoslavia 1968. Mabweni waliyolala wageni hao ndiyo asili ya kweli ya kibanda cha Dennis na wenzake. Kambi ya mateka ni asili ya kubuni.

Fasihi na filamu za Ulaya zilikuwa zimekwisha kumshughulikia mgeni huyu. Rainer Werner Fassbinder alimchora Mgiriki katika Katzelmacher (1969) na Mmoroko katika Angst essen Seele auf (1974). John Berger aliandika A Seventh Man (1975), kitabu cha maneno na picha juu ya vibarua wahamiaji. Miaka miwili baada ya tamthilia yetu, Günter Wallraff alichapisha Ganz unten (1985), baada ya kujigeuza Mturuki aitwaye Ali na kufanya kazi za hatari kwa ujira duni. Katika kazi hizi, mgeni ni yule ambaye sheria inaweza kumwondoa wakati wowote.

Tofauti na Auf Wiedersehen, Pet ni bayana. Tarehe 28 Novemba 1983, siku 17 tu baada ya sehemu ya kwanza kuonyeshwa, Ujerumani Magharibi ilipitisha sheria iliyowapa vibarua wasio na kazi kutoka Uturuki na nchi nyingine kadhaa zisizokuwa za Jumuiya marki 10,500 ili warudi kwao pamoja na familia zao. Oz hakuhitaji kupewa fedha aondoke wala kuomba ruhusa abaki. Alilala katika kibanda kama cha Mturuki, lakini mfukoni alikuwa na pasi ya nchi mwanachama. Tusitie chumvi: mafundi wengi wa Kiingereza walipitia mawakala waliowalipa kwa magendo, bila kodi wala bima, ingawa sheria ya Kijerumani ilikuwa imepiga marufuku kukodishana vibarua katika sekta ya ujenzi tangu 1982. Dhiki yao ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, ilikuwa dhiki ya mtu mwenye haki asiyeitumia, na dhiki hiyo hailingani na ya mtu asiye na haki kabisa.

Tamthilia haikuweza kulisema hili kwa sababu umbo lake lilikwisha kuchagua mhusika wake. Wahusika wakuu wote saba ni Waingereza, na kichekesho kinategemea tukubali kwamba wao ndio walioshushwa hadhi kuliko wote. Mturuki angeingia kibandani kama mhusika kamili, kipimo cha dhiki kingebadilika, na swali la nani alishinda vita lingepoteza makali yake.

Baada ya Düsseldorf

Mfululizo wa kwanza unaishia kwa kibanda kuteketea moto. Katika mfululizo wa pili genge linakutana tena, na Dennis, aliyezama katika deni kwa Ally Fraser, tajiri mhalifu wa Newcastle, anawaingiza wenzake katika kazi za tajiri huyo, kwanza katika jumba la Derbyshire na kisha Uhispania. Bosi sasa ni Mwingereza, naye ni mbaya kuliko Mjerumani yeyote wa Düsseldorf. Holton alifariki Oktoba 1985 upigaji picha ukiwa haujakamilika.

Mfululizo wa 2002 ndio wenye taswira nzito kuliko zote. Genge linalibomoa daraja la kusafirishia watu na magari la Middlesbrough, lililofunguliwa mwaka 1911, ili lijengwe upya Arizona. Baadhi ya watazamaji waliamini kwamba daraja limeuzwa kweli, hata BBC ikalazimika kutangaza kuwa lingali mahali pake. Kosa hilo la watazamaji ni uhakiki wa aina yake: watu walioshuhudia viwanda vyao vikiondolewa hawakuona ajabu daraja nalo likiondoka. Mwaka 1983 eneo hilo lilisafirisha mafundi. Mwaka 2002, katika ndoto ya futuhi, lilisafirisha mifupa yake lenyewe. Mfululizo wa 2004 unawapeleka Havana kukarabati ubalozi wa Uingereza. Kibarua aliyetupwa na dola anaajiriwa kuipaka dola rangi.

Hitimisho

Katika kura ya maoni ya Juni 2016, asilimia 58 ya wapigakura wa Kaskazini-Mashariki walichagua kuondoka katika Umoja wa Ulaya, ingawa mji wa Newcastle wenyewe uliegemea kubaki kwa kura chache. Uhuru wa raia wa Uingereza kwenda kufanya kazi Ulaya bila kibali ulikoma mwishoni mwa 2020. Hatudai kwamba tamthilia ya runinga ilisababisha kura hiyo. Dai kama hilo halina ushahidi. Tunachodai ni kwamba kazi iliyopendwa kuliko zote juu ya Mwingereza mhamaji iliacha katika kumbukumbu kibanda, vita, pombe na upweke, na haikuacha kifungu cha sheria kilichoifanya safari yenyewe iwezekane. Kwa miaka 48, kuanzia 1973, mwashi wa Newcastle alikuwa na haki ambayo mwashi wa Ankara hakuwa nayo. Aliitumia bila kuijua, na futuhi yake haikumjulisha.

Mtafiti wa fasihi ya vibarua hana budi, basi, kuiuliza kila futuhi maswali mawili: inamcheka nani, na ni hati gani iliyomo mfukoni mwa anayechekwa. Mafundi wa Düsseldorf walipoagana waliagana kwa kwaheri ya kuonana, wakiamini kwamba barabara itakuwa wazi siku zote. Leo kijana wa Newcastle anayetaka kufuata nyayo zao sharti aombe kibali kwanza, kama alivyofanya Mturuki.