Uchama, si Ushabiki

Kamati moja ya istilahi imetutaka tuite "ushabiki wa kisiasa" ile hali ya wabunge kupiga kura kwa kufuata mstari wa chama. Niliiandikia kupinga, sikujibiwa. Naandika tena, kwa kuwa neno hilo linawapotosha wanafunzi wa takwimu za bunge.

Shabiki anajulikana kwa anavyohisi na anavyopiga kelele. Mchambuzi wa kura hana pa kuyaona hayo. Mbele yake kuna majina, chama cha kila jina, na ndiyo au hapana, basi.

Juni 10, 1964, Seneti ya Marekani ilipiga kura ya kufunga mjadala wa mswada wa haki za kiraia. Clair Engle wa California aliletwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu. Uvimbe wa ubongo ulikuwa umemnyima kauli. Karani alipoita jina lake, Engle alionyesha jicho, maana kwa Kiingereza "jicho" na "ndiyo" ya kura hutamkwa sawa. Ikaandikwa ndiyo. Asubuhi hiyohiyo Robert Byrd alikuwa amemaliza hotuba ya zaidi ya saa 14 ya kuupinga mswada. Engle na Byrd wote walikuwa Wademokrati. Hamasa ilijaa ukumbi, na jedwali halikunasa hata chembe yake. Mswada ulipopita Juni 19, Wademokrati 46 waliukubali na 21 wakaukataa. Warepublikani 27 waliukubali na 6 wakaukataa. Wengi wa vyama vyote viwili walisimama upande mmoja, na waliojitenga hasa ni maseneta wa Kusini.

Linganisha na Machi 21, 2010, mswada wa afya wa Obama ulipopita Baraza la Wawakilishi kwa kura 219 dhidi ya 212. Wademokrati 34 waliukataa. Mrepublikani aliyeuunga mkono hakuwapo hata mmoja. Hali hii ndiyo inayodai istilahi, na istilahi yake ni uchama.

Wapo waliopendekeza "ukereketwa". Lakini kukereketa ni kuwasha koo, na mkereketwa ni yule ambaye jambo limemkaa rohoni. Tumerudi kulekule kwenye hisia. Mwingine, msomi mwenye sauti kubwa kuliko hoja zake, ametetea "uhizbu". Ni kweli hizbu kwa Kiarabu ni chama. Zanzibar, hata hivyo, neno hilo lina mwenyewe: ndilo walilokiita chama cha Zanzibar Nationalist Party, na hakuna atakayelisikia huko bila kukumbuka siasa za kabla ya 1964. Istilahi ya kipimo haifai kubeba kumbukumbu hizo.

Nimeambiwa pia kwamba uchama unanuka tusi, kama ukabila na udini. Kiambishi u- hakitukani mtu; ndicho kilichotupa utu na utaifa. Wanaohofia kuuchanganya na uanachama hawajalitazama neno lenyewe: humo mna mwana, yaani mtu aliye wa chama. Ukimwondoa mwana, kinachobaki ni chama chenyewe kikitenda kazi, na hicho ndicho tunachopima.

Kwa matumizi: kura ya kichama ni ile ambayo wengi wa chama kimoja wanapingana na wengi wa chama kingine, umoja wa ndani ya chama uitwe mshikamano, na kipimo chake ni cha Stuart Rice wa miaka ya 1920, yaani toa kura za wachache kwenye za wengi, gawanya kwa jumla ya waliopiga. Kwa kura ya Juni 19, Wademokrati wanapata 0.37 na Warepublikani 0.64. Dodoma, ambako hoja nyingi huamuliwa kwa sauti ya pamoja, mchambuzi aanze na kura ya bajeti, maana hapo wabunge huitwa kwa majina.