Darasa Liko Nje: Miaka Sitini na Ushei ya Mweka

Ukitoka Moshi mjini kupanda mlimani, baada ya kilomita kama 14 barabara inazama kwenye vihamba, migomba inakubana kushoto na kulia mpaka unasahau kwamba nyuma umeacha mji. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, jina ambalo husomwa kwenye barua na vyeti tu. Watu wanasema Mweka, basi. Hata huko Zambia na Botswana, mhifadhi akimwambia mwenzake kwamba amepita Mweka, haulizwi tena alisomea nini.

Mgeni wa mara ya kwanza hufika akitafuta wanyama. Hawaoni. Chuo kinachofundisha habari za tembo na simba kimezungukwa na migomba, kahawa na ng'ombe wanaolishwa zizini. Ukitaka mnyama wa porini, panda msituni ukatafute mbega. Kwa hiyo tangu mwanzo Mweka imelazimika kuwa chuo cha kufunga mizigo na kuondoka, na kwa maoni yangu ndiko kulikokijenga kuliko jengo lolote lililofunguliwa kwa kukata utepe.

Chuo kilifungua milango mwaka 1963, lakini wazo lilitangulia. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, wataalamu na viongozi walikutana Arusha kuzungumzia hifadhi ya mazingira katika Afrika iliyokuwa ikijitawala. Julius Nyerere alitoa tamko lililokuja kuitwa Tamko la Arusha kuhusu wanyamapori (lisichanganywe na Azimio la 1967), akatia sahihi pamoja na mawaziri wake Abdallah Fundikira na Tewa Saidi Tewa. Waliahidi kuwatunza wanyama, kisha wakasema waziwazi kwamba ahadi haitoshi: wanahitajika watu waliofunzwa, na inahitajika fedha.

Watu walihitajika kweli. Wakati ule Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori, alikuwa Mzungu. Mwafrika alikuwa nyuma yake na bunduki, au mbele yake akisoma nyayo. Huyo wa mbele alilijua pori kuliko bwana wake, ila hakuwa na cheti, na uhuru ulipokuja kiti kilitaka mtu mwenye cheti. Misaada ilitoka nje, mmoja wa watoaji akiwa ni African Wildlife Leadership Foundation, shirika la Kimarekani lililoanzishwa mwaka huohuo wa 1961. Sheria ya chuo ilifuata mwaka 1964. Kutoka siku za kwanza kilikusudiwa kuwa cha Afrika na si cha Tanganyika peke yake. Nchi zinazotumia Kifaransa zilipata chuo chao baadaye, huko Garoua, Kamerun, mwaka 1970.

Mkuu wa kwanza alikuwa Hugh Lamprey, mwanabiolojia wa Kiingereza aliyerusha ndege ndogo mwenyewe. Kabla ya Mweka alikuwa ameshinda Tarangire, enzi hizo ikiwa bado pori la akiba, akifuata mistari ileile msimu hadi msimu na kuandika kila mnyama aliyemwona. Alikuwa na swali ambalo hata mfugaji angeliuliza: inakuwaje wanyama wa aina nyingi namna ile wale mahali pamoja bila kumalizana? Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1963, lilikuwa kwamba hawali mahali pamoja hasa. Huyu anakula majani ya juu, yule nyasi. Huyu anakaa vichakani, yule anapenda uwanda. Na kiangazi kikija wanahamana. Mwaka 1966 Lamprey alikwenda kuongoza taasisi ya utafiti ya Serengeti, lakini ile tabia ya kufuata mstari na kuhesabu aliiacha Mweka, na ipo mpaka leo.

Leo ukiwauliza waliosoma hapo wakusimulie chuo, wengi wataruka mihadhara na kuanzia safarini. Chuo kina kituo cha mafunzo Kwakuchinja, kama kilomita 200 kutoka mlimani, katikati ya ushoroba ambao nyumbu na pundamilia hupita kati ya Tarangire na Manyara. Safari huanza kwa hema, magunia ya unga, madumu ya maji na ubishi wa nani amesahau chumvi. Ukifika kule, baridi ya Mweka imekwisha na ndorobo wamekusikia. Ndorobo hupenda kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya buluu na nyeusi. Kila darasa lina mwanafunzi aliyevaa shati la buluu siku ya kwanza. Hatalivaa siku ya pili.

Kwenye mstari kila mtu ana kazi. Mmoja ameshika dira, mwingine darubini, wa tatu anaandika: swala pala, wangapi, madume wangapi, umbali gani. Asiye na zamu ya kuhesabu ana zamu ya kupika, na kuusonga ugali wa watu wengi juu ya mafiga huku upepo unageuza moshi kila dakika ni somo lisiloandikwa kwenye mtaala. Usiku watu huzunguka moto na lugha hugeuka. Masomo ni ya Kiingereza, lakini amri za kambini, utani na malalamiko kuhusu wali ulioungua ni vya Kiswahili, na mgeni aliyekuja hajui hata "shikamoo" hurudi mlimani akijua kugombana.

Asubuhi barabara ya lami ya Arusha kwenda Babati inaonekana ikikata ushoroba, malori yanapita, na upande wa pili kuna mashamba na maboma ya watu. Nyumbu wanasimama kando wakisubiri. Mwalimu hana haja ya kuchora kitu ubaoni.

Huko nyumbani mlimani nako kuna mafunzo ya aina yake. Juu ya vijiji kuna ukanda wa msitu ambao wenyeji wameuita nusu maili tangu enzi za mkoloni, uliowekwa ili wapate kuni na majani ya mifugo. Mwanafunzi anayesoma sheria ya hifadhi mchana hukutana jioni na mama anayeshuka na mzigo wa majani kichwani, wanasalimiana, na maswali ya mtihani yanabadilika sura. Jirani kuna lango la Mweka, wanakoteremkia wapanda Kilimanjaro, na wagumu, yaani wapagazi wao, hupita na mizigo wakiwa na haraka ya kufika Moshi. Jumamosi kuna mbege ya ndizi na ulezi. Mzambia aliyezoea chibuku huonja, hutikisa kichwa, kisha huomba tena.

Vyeti vimeongezeka, shahada zimekuja, na wasichana sasa wanapigilia mambo za hema na kulenga shabaha pamoja na wenzao. Msafara ukirudi, magari hupanda polepole yakiwa meupe kwa vumbi la Kwakuchinja. Kabla ya chakula watu husimama foleni kwenye bomba, maji baridi ya mlima yakitiririka machafu miguuni mwao, na mmoja bado anauliza nani alisahau chumvi.