Ala ya Shaba: Risasi za Vizazi Viwili Bukoba, 1915

Mapigano ya Bukoba ya tarehe 22 na 23 Juni 1915, ambayo hukumbukwa zaidi kwa kubomolewa kwa kituo cha simu ya upepo, yaani mtambo wa kupeleka habari bila waya, na kwa kuporwa kwa mji, yana upande wa ufundi usiozungumzwa sana. Vikosi vya Waingereza vilivyovuka ziwa kutoka Kisumu chini ya Brigedia Jenerali J. A. Stewart vilibeba risasi zenye ala, yaani zilizovikwa ganda la madini magumu zaidi, ilhali kampuni nyingi za jeshi la Wajerumani katika koloni lao ziliingia vitani zikiwa na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871.

Bunduki hiyo ilirusha kichwa cha risasi chenye kipenyo cha milimita 11 na uzito wa takriban gramu 25, cha madini matupu ya risasi yaliyoviringishiwa karatasi. Ndani ya mtutu wake mlichongwa mifereji ya mzunguko, ambayo hukizungusha kichwa ili kiruke bila kuyumba. Madini hayo, kwa kuwa ni laini, hushika mifereji vizuri maadamu mwendo ni wa wastani, lakini mwendo ukizidi hubanduka, mabaki yake yakaganda mtutuni na shabaha ikaharibika. Katika miaka ya 1880 Eduard Rubin wa Uswisi alikivika kichwa ala ya shaba, na baruti isiyo na moshi, aliyoivumbua Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ikapata risasi inayohimili kasi yake. Risasi ya Waingereza ya inchi 0.303, iliyoanza kutumika mwaka 1888, ilivikwa aloi ya shaba na nikeli.

Kwa askari aliyejibanza nyuma ya jabali au migombani, hata hivyo, tofauti iliyouma zaidi pengine haikuwa shabaha bali moshi, kwani baruti nyeusi ya Mauser ile ilitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui mahali pa kulenga.

Raia wa Buhaya, yaani nchi ya Wahaya inayozunguka Bukoba, walikuwa wamezuiwa kufikia hata silaha hiyo iliyopitwa na wakati. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kwa jumla bunduki zenye mifereji zisiwafikie wenyeji wa sehemu kubwa ya Afrika, ukiruhusu biashara ya gumegume, yaani bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo, yenye mtutu laini na jiwe la kutoa cheche. Kwa mwindaji wa Ihangiro, sehemu ya Buhaya ambayo leo imo wilayani Muleba, ala ya shaba isingeongeza chochote, hata angeipata: mtutu usio na mifereji hauna cha kukizungusha kichwa, na goroli iliyolegea ndani yake hugongagonga kuta na kutoka ikielekea upande unaotegemea ilikogonga mwisho.